Mfungo wa Nanda Bhoyar

Mjini Arvi, Nanda Bhoyar alijulikana kwa mambo mawili: blauzi alizoshona hazikubani kwapani, na mlango alioubisha yeye haukukaa umefungwa. Kushona ndiko kulikowalisha yeye na mama yake mwaka mzima. Lakini uchaguzi mkuu ulipofika, alifunika cherehani kwa shuka kuukuu, akatia mkoba begani na kuingia vijijini kuwauliza watu wamempa nani kura, na kwa nini.

Waliomtuma walikuwa watafiti wa chuo kimoja cha Nagpur, na walimpenda. Wadadisi vijana walirudi na madodoso yaliyojaa "sijui" kurasa nzima. Nanda alirudi na majibu. Alijua kukaa chini bila kupangusiwa mkeka, alijua kusifu mbuzi wa mtu kabla ya kumuuliza habari za serikali, na alijua namna ya kumtoa mume uani kwa adabu ili mke aseme la moyoni. Ilipofika zamu ya kura yenyewe, alimpa mhojiwa karatasi ya mfano, akageuka akatazama ukuta mpaka aliposikia karatasi imetumbukia kisandukuni.

Ndiyo maana siku ya mafunzo alipewa nafasi ya kuzungumza na wapya. Mwaka huo aliwasimamisha vijana ukumbini kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mkipewa maji, mnakunywa," aliwaambia. "Sitaki kusikia habari za chupa zenu za baridi. Nyumba ya Mpatili, mkuu wa kijiji, kunywa. Nyumba ya Mwislamu, kunywa. Mtaa wa Wabudha, ndiyo kunywa zaidi. Mtu akikupa maji ukakataa, umemzaba kofi, na baada ya kofi hakuna dodoso."

Vijana walicheka. Nyuma ya ukumbi, msimamizi wao, madam Ramteke, alitikisa kichwa akiafiki. Madam Ramteke mwenyewe alizaliwa mtaa wa Wabudha, wale ambao babu zao walihesabiwa wachafu tangu tumboni mwa mama mpaka walipoihama dini iliyowahesabu hivyo. Yeye na Nanda walikuwa wamefanya kazi pamoja chaguzi tatu. Walikunywa chai stendi kwenye vikombe vya karatasi, wakagawana biskuti, wakasengenya wagombea. Nanda alipojifikiria, alijiona mtu aliyekwisha kuyavuka hayo.

Kura zilikwisha kupigwa Aprili, matokeo yalingojwa, na jua la Mei lilikuwa linaoka lami. Nanda alishuka kwenye basi katika kijiji cha Sonkheda, amejitanda kichwa chote akabakiza macho. Jina la kwanza lililotoka kwenye daftari la wapiga kura lilikuwa la Sheshrao Gajbhiye, mtaa wa Wabudha, ng'ambo ya mfereji.

Alimkuta mzee huyo barazani chini ya paa la bati, akijipepea kwa gazeti. Ukutani palikuwa na picha ya Babasaheb, aliyewaongoza Wabudha kuihama dini ya zamani, katika suti ya buluu, na shada la maua ya plastiki. Kidole cha mzee bado kilikuwa na alama nyeusi ya wino.

"Karibu, mwanangu, karibu. Umetumwa na chama gani?"

"Sina chama, baba. Nimetumwa na chuo."

"Afadhali. Wa vyama wamekwisha kutuchosha. Walikuja watatu. Mmoja aliniita baba, mmoja mjomba, wa tatu akanikumbatia. Tangu nimeoa sijawahi kukumbatiwa vile!"

Nanda alicheka kwa dhati, akakaa, akafungua dodoso. Alimpenda mzee papo hapo.

"Sasa baba, katika bei za vitu, ajira na maji, kipi kilikusukuma zaidi kwenda kupiga kura?"

"Miguu hii hii."

"Baba!"

"Haya, andika maji. Bomba linatoka upande wa pili wa mfereji. Likifika huku linakohoa tu."

Mkwewe, Purnima, akatoka jikoni. Alikuwa mwanamke kijana aliyeolewa karibuni, mwenye macho yasiyopepesa. Mkononi alishika glasi ya chuma iliyojaa mpaka ukingoni, nje imetoka jasho kwa ubaridi wa mtungi. Maji yale yale yaliyokohoa bombani.

"Kunywa kwanza, dada. Umetembea juani."

Koo la Nanda lilikuwa limekauka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Alitaka kunyoosha mkono. Mkono haukwenda.

Baadaye alijaribu sana kukumbuka alikuwa anafikiri nini, na hakukumbuka kitu. Alichokumbuka ni kikombe cha bati kilichotundikwa kwenye msumari wa zizi nyumbani kwao, alipokuwa mdogo, kwa ajili ya vibarua wa pamba waliohesabiwa wachafu. Mama yake aliwamiminia maji kutoka juu, mtungi usiguse kikombe. Nanda alipokuwa sekondari aligombana na mama kwa ajili ya kikombe kile, akaking'oa yeye mwenyewe akakitupa. Na leo kikombe hakipo, zizi halipo, na mkono wake umelala mapajani kama si wake.

"Nimefunga leo," alisikia mdomo wake ukisema.

Purnima akabaki amesimama. "Umefunga?"

"Leo Jumanne. Mfungo wa mungu Ganesh."

"Hata maji?" aliuliza mzee.

"Hata maji, baba."

Purnima akainama, akaiweka glasi sakafuni karibu na goti la Nanda. "Basi naiacha hapa. Jua likikuzidi, Ganesh ataelewa."

Akarudi jikoni. Sauti za vyombo zikasikika, kubwa kuliko ilivyohitajika.

Dodoso likaendelea. Mzee alijibu yote, ila mizaha ilikuwa imekwisha. Je, anaiamini tume ya uchaguzi? Kiasi. Je, aliamua lini atampa nani kura? Zamani. Karatasi ikatumbukia kisandukuni, Nanda akiutazama ukuta, na ukutani macho yake yalikutana na macho ya picha. Kisha akageuza ukurasa, na swali likawa pale kama lilivyochapwa kwa watu wote wa nchi nzima. Hakuwahi kuruka swali maishani mwake.

"Katika kijiji hiki," alisoma, sauti ikimpotea, "watu wa matabaka mbalimbali wanatendeana kwa usawa. Sana, kiasi, au hapana kabisa?"

Sheshrao hakumtazama. Alitazama glasi. Nje yake ilikuwa imekauka.

"Andika kiasi."

"Una hakika, baba?"

"Nikisema hapana kabisa nitakuvunjia heshima, nawe ni mgeni wangu. Andika kiasi, mwanangu, twende mbele."

Nanda akaandika. Alishukuru, akafunga mkoba, akatoka. Alivuka mfereji masikio yakimwaka moto, na hakuwa na uhakika kama ni jua.

Jina la pili lilikuwa la mkulima aitwaye Wankhade, mtu wa tabaka la Wakunbi kama yeye, mwenye nyumba ya ghorofa na kibaraza kinachotazama njia. Kabla hajaketi, mke wa Wankhade alikwisha kumwekea maji. Na mkono, ule ule uliokataa, ukanyanyuka wenyewe. Alikunywa glasi ya kwanza bila kupumua. Akapokea ya pili. Alikuwa ameinua kichwa, maji yakimtiririka kidevuni, alipomwona Purnima.

Purnima alikuwa anapita njiani na ndoo kichwani, akielekea bombani. Alisimama. Si kwa muda mrefu. Muda wa kuisawazisha ndoo tu.

"Mfungo umekwisha, dada?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Mke wa Wankhade akauliza, "Anasema nini huyo?" na Nanda, glasi bado mkononi, akasema, "Hakuna kitu. Tulisalimiana."

Usiku ule mama yake alimpakulia bhakri, mikate ya mtama, na biringanya. Nanda alikata tonge, akalirudisha. Alisema joto limemmaliza.

Asubuhi madam Ramteke akampigia simu. Utaratibu wao ulikuwa kwamba msimamizi hurudia nyumba chache kuhakikisha mdadisi alifika kweli. "Leo nakagua Sonkheda," alisema, "halafu tunaendelea pamoja kijiji cha pili. Panda nyuma ya skuta yangu, utaokoa basi."

Nanda alitafuta kisingizio njia nzima ya kwenda stendi, na visingizio vyote alivyopata vilifanana na mfungo. Akapanda.

Walipofika kwa Sheshrao, Nanda alitaka kubaki kivulini nje. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwita. "Mbona unasimama njiani kama mdai? Ingieni wote!" Madam Ramteke akamwamkia kwa "Jai Bhim", salamu ya Wabudha, mzee akaitikia kwa furaha, na katika dakika moja walikwisha kugundua kwamba shangazi wa mmoja ameolewa kijiji cha mwingine.

"Nina maswali mafupi tu, baba," alisema madam. "Huyu dada alikuja jana?"

"Alikuja."

"Alikuuliza yote? Hakuharakisha?"

"Yote. Mpaka nikachoka mimi."

"Alikuheshimu?"

Purnima alikuwa ametokea mlangoni na sinia. Nanda alitazama vidole vyake vya miguu. Alingoja. Alihisi kama kwamba amengoja hivyo tangu utotoni.

"Aliniita baba tangu alipoingia mpaka alipotoka," alisema Sheshrao. "Ni binti mwenye adabu. Weka alama yako, madam."

Kama angemshtaki, Nanda angejitetea, au angelia, au angeomba radhi. Mzee hakumwachia hata moja katika hayo. Alimfunika, kama mtu anavyomfunika mlevi aliyelala njiani.

Purnima akasogeza sinia. Glasi mbili. Madam Ramteke akachukua yake akanywa huku akiendelea kuandika. Nanda akachukua ya pili kwa mikono miwili. Akanywa haraka, kwa pupa, akitaka waone, na wakati huo huo akijua kwamba wanaona anavyotaka waone. Maji yakampalia. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Taratibu, dada," alisema Purnima kwa upole uliochoma. "Hakuna atakayekunyang'anya. Au unafuturu?"

"Purnima!" Mzee alikemea.

"Nimeuliza tu, baba. Jana alisema amefunga, halafu akafuturia kwa Wankhade."

Kalamu ya madam Ramteke ikasimama. Hakuinua kichwa. Kisha ikaendelea, ikamaliza mstari, akaaga vizuri kama kawaida.

Walipokwisha kuvuka mfereji, akasimamisha skuta chini ya nguzo ya umeme. Hakugeuka, alizungumza akitazama mbele.

"Nanda, nikuulize kitu. Umewahi kula kwangu?"

"Tumekula pamoja mara nyingi, madam. Stendi, ofisini…"

"Sikuuliza stendi. Nyumbani kwangu."

"Hujawahi kunialika nikakataa."

"Nilikualika. Harusi ya mdogo wangu, mwaka ule wa uchaguzi uliopita. Ulisema mama yako mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa," alisema Nanda upesi.

"Inawezekana," alisema madam Ramteke, akawasha skuta.

Walifanya kazi siku nzima. Madam alizungumza naye habari za kazi, wala sauti yake haikubadilika, na Nanda angependa zaidi kutukanwa. Nyuma ya skuta alikuwa anapekua mwaka ule kichwani. Mama alikuwa mgonjwa. Alikuwa na homa, au miguu ilimvimba. Aliona hata kitanda, hata beseni. Lakini kila alipolishika beseni lile, lilikuwa la ugonjwa mwingine, wa mwaka mwingine.

Jioni alimkuta mama yake, Kamalabai, barazani akichambua dengu.

"Mama, mwaka wa uchaguzi uliopita, miezi ya harusi, uliumwa?"

"Mimi?" Mama alicheka. "Mwaka ule nilikuwa kama chuma. Si ndio tulikwenda sokoni tukachagua ile sari ya zambarau, ukalalamika nakutembeza? Kwa nini?"

"Hakuna."

"Mbona umekunja uso? Nani kakwambia niliumwa?"

"Mimi," alisema Nanda. "Mimi ndiye niliyesema."

Mama alimtazama, hakuelewa, akarudi kwenye dengu zake. Nanda akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha cherehani, simu mkononi. Alitunga maneno marefu akayaacha. Mwishowe alipiga, na simu ilipopokewa akasema yaliyo mafupi.

"Madam, mama hakuwa mgonjwa."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya televisheni, na mtoto akiitwa kuoga. Kisha televisheni ikapunguzwa.

"Najua, Nanda. Nilimwona sokoni siku ile ile, asubuhi. Nilikuwa nanunua maua ya harusi. Nawe ulikuwa naye, mnabishana juu ya sari."

Nanda alifumba macho. Miaka yote ile. Chai yote ile ya stendi.

"Hukuniambia kitu."

"Ningekwambia nini? Ulikuwa mdadisi wangu bora." "Nilikasirika mwaka mzima. Halafu nikachoka kukasirika, nikaendelea na kazi. Usiku huu usiniombe radhi, sitaki kuibeba. Siku ukiwa na nafasi, nenda kwa yule mzee. Bila mkoba, bila dodoso. Kama hawataki kukuona, urudi."

"Nitakwenda."

"Haya. Kesho ni Kharangna, nyumba nyingi. Saa moja stendi, usichelewe."

Simu ikakatika. Nje mama aliuliza kama achemshe chai.

Alikwenda Sonkheda baada ya matokeo kutangazwa. Mzee Sheshrao alikuwa shambani. Purnima alimsikiliza mlangoni mpaka mwisho, ameegemea mwimo, macho yale yale hayapepesi. Nanda aliomba radhi alivyoweza, kwa maneno yasiyopangika, yakigongana.

"Nimesikia," alisema Purnima. "Nitamwambia baba ulikuja."

Hakumkaribisha ndani, wala hakumletea maji. Nanda akaaga, akavuka mfereji kwa miguu, akangoja basi juani.