Ng'ombe Aliyebaki Masalani

Mwanangu, asubuhi niliyotaka kuiandaa familia yetu kwa vita naikumbuka vizuri hadi leo. Najua utacheka ukikua, usome mama wa umri wangu akitoa nasaha kama mzee. Cheka tu. Wewe bado unanyonya, na mimi nikingoja nipate mvi naogopa nitasahau.

Hapa Garissa hakukuwa na vita. Vilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari, huko mafuta yetu yanakopitia. Lakini foleni zilianza kwenye vituo vya petroli, unga ukapanda bei, na mimi, msichana wa mtaa wa Iftin niliyemaliza sekondari bila kuendelea, nikakosa raha. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni; mkeka ukikaa upande siwezi hata kuswali. Basi nikajisomea kwenye simu jinsi mataifa yanavyojiandaa kwa vita. Nikasoma juu ya maghala ya ngano ya kulisha nchi nzima, mafuta yanayohifadhiwa chini ya ardhi, viwanda vya magari vinavyogeuzwa kuunda silaha, raia wanaogawiwa sukari kwa kipimo. Nikaona akili yote iko hapo: kusanya, funga, linda.

Stoo ya duka la baba nikaijaza unga, mchele na mafuta ya kupikia mpaka mlango ukawa haufunguki sawasawa. Ikabaki mifugo.

Ng'ombe walikuwa wa nyanya yangu, mama yake mama, Ayeyo Habiba. Naye, kama ilivyo desturi yetu, hakuwaweka mahali pamoja. Wengine walichungwa upande huu, wengine ule, na wale wa maziwa aliwapa jamaa wenye watoto wadogo. Wao wanakama, watoto wanakunywa, na ng'ombe anabaki wa Ayeyo. Mimi niliona huo ni uzembe mtupu.

"Ayeyo," nilimwambia tukinywa chai, "ng'ombe warudi wote. Tuwaweke boma moja hapa kwako Galbet, tuwalinde."

"Tuwalinde na nini?"

"Na vita."

"Subhanallah! Vita vyenyewe vinakuja na basi gani?"

Mjomba wangu, Abti Nur, alicheka mpaka chai ikampalia. "Jamani, simameni! Waziri wa ulinzi anaongea!"

Ayeyo hakucheka. Alisema, "Sawa. Anza na yule mweupe aliye kwa Halima, Masalani. Nur atakupeleka kesho kwa pikapu yake. Lakini Halima utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

Halima ni mtoto wa dada yake Ayeyo. Wakati huo alikuwa na mapacha wachanga, na maziwa yake mwenyewe hayakuwatosha. Hilo nililijua. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, nikiyapangua, nikiyapanga tena, na Abti Nur akipiga mluzi kama mtu anayekwenda harusini.

Tulipofika, Halima alitusalimu kwa furaha, akatuletea maziwa kabla hata hajauliza habari za mjini. Nikayanywa, maana kukataa ni aibu. Kisha nikamwambia tumemfuata ng'ombe.

Akamtazama pacha mmoja aliyelala mapajani mwake.

"Ni ng'ombe wa habaryar Habiba," alisema, akimaanisha mama yake mdogo. "Akimtaka, mchukueni. Na ndama pia, msiwatenganishe." Akainuka. "Ila kabla hamjamfunga kamba, njoo nikuonyeshe kitu."

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kibanda kipya. Miti imesimamishwa vizuri, mikeka imefunika juu, na pipa la maji liko kivulini.

"Nilisikia redioni mambo yanaharibika," alisema. "Nikamwambia mume wangu, mjini wakikosa chakula, habaryar na wajukuu wake watakuja huku. Watalala wapi? Ndiyo tukajenga. Wewe utalala pale karibu na taa. Najua unaogopa giza."

Abti Nur alisimama na kamba mkononi. "Tumfunge?"

"Hapana, Abti. Abaki."

"Haya," Abti Nur alimwambia Halima, "waziri amesalimu amri."

Niliporudi mikono mitupu, Ayeyo hakushangaa. Alinikalisha kando yake. "Umekuwa ukitafuta mahali pa kuficha chakula," alisema. "Mimi maisha yangu yote natafuta mahali pa kukimbilia. Hiyo stoo yako iache, si mbaya. Lakini majirani wakisikia harufu ya wali wako nao wana njaa, utamlinda nani, na utajilinda na nani?" Kesho yake nikaanza kuwauzia majirani unga kwa bei ya siku zote. Wala hatukufilisika. Mambo yalipotulia, mapacha walikuwa wameanza kutambaa.

Bado najisomea mambo ya mataifa, na bado nina wasiwasi, ingawa siku hizi nalala. Sisemi maghala hayana maana. Nchi isiyo na akiba itaomba. Lakini nchi inayojaza maghala huku ikiwasahau wafugaji wake wakati wa amani, siku ya shida itamwomba nani avumilie? Na ikigombana na kila jirani, hiyo ngano itapita barabara gani? Kwa hiyo weka akiba, mwanangu, wala usimwonee haya anayekucheka. Ila sehemu nzuri ya ulicho nacho iwe mikononi mwa watu, ukiwapa ungali umeshiba, bila kuwasimanga. Usingoje mpaka uwahitaji.

Allah akukuze na afya, akupe mkono mwepesi wa kutoa, aibariki riziki yako na ya jirani zako. Na vita usivijue wewe, wala mtoto wa mtu mwingine yeyote. Amin.