Gari Likisimama Langoni

Vijana walimwita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa mtoto wa kaka yake. Zamani alifua mashuka ya hospitali. Siku moja akamlaza jikoni kwake msichana aliyetoroka kwao, kesho yake akaja wa pili, na kabla hajakaa sawa nyumba ikajaa: huyu kapigwa na baba wa kambo, yule kafukuzwa na mimba yake, mwingine hajui hata kwao ni wapi. Na kula wanakula, jamani! "Nyie mnakula kama mmetumwa," aliwatania, huku akiwaongezea.

Chakula chenyewe kilitoka serikalini. Mwaka huo fungu likapunguzwa, na wizara ikatangaza kuwa vituo vitakavyobaki ni vile vyenye vijana kweli, maana kuna wajanja waliokuwa wakila pesa kwa vitanda vitupu. Afisa angekuja kujionea kwa macho. Asipoona vijana, nyumba inafungwa, na wale watoto wanarudi kulala vibarazani.

Sasa sikia. Nyuma kidogo, baba wa kambo mmoja alikuja na gari, akamwekea Shangazi kisu ubavuni, akamwamuru amwite binti. Shangazi akaita. Binti akatoka mbio, akitabasamu, akachukuliwa. Hajaonekana mpaka leo. Tangu hapo Shangazi akawafundisha waliobaki: gari likisimama langoni, mlango wa nyuma, mpaka kwenye lile ghorofa la nyuma lisilokwisha kujengwa, pandeni kwa kamba, kamba mvute juu. "Na hata mkinisikia mimi nawaita, msitoke! Mtatoka gari likishaondoka." Akawarudisharudisha mazoezini mpaka wakachoka naye.

Kuhusu afisa, aliwaambia atakuja mgeni mwema. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tena Shangazi alidhani watu wakubwa hupiga simu kwanza.

Wapi! Gari lilisimama asubuhi, uji ukiwa mezani. Shangazi alipogeuka, viti vilikuwa vitupu.

Afisa alipita vyumbani taratibu, mikono nyuma. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kudanganywa.

"Mama, vitanda naviona. Watu siwaoni."

"Wamejificha, baba! Uji wao huu hapa, bado una moto."

"Hata wa kituo cha jana ulikuwa na moto."

Shangazi akampeleka kwenye lile jengo, magoti yakimuuma. Ghorofani kimya. Kamba imeshavutwa. Afisa akatazama juu, akatazama viatu vyake, akasema, "Nangoja. Waite."

"Wanangu, shukeni! Ni yule mgeni niliyewaambia!"

Kimya.

"We Kifupi! Najua uko hapo, shuka!" Kifupi ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote, na ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Kimya. Shangazi akaomba, akafoka, akatukana, akaapa kwa kaburi la mama yake. Akaenda kuomba ngazi kwa jirani, jirani hakuwepo. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mwisho akapiga magoti kwenye kifusi, akalia kwa sauti kama mtoto: "Nawaombeni, wanangu, tokeni! Tokeni, tutakufa njaa!"

Hakikusikika hata kikohozi.

Afisa alimwinua kwa heshima, akampangusa vumbi begani. "Pole, mama. Mimi naandika ninachokiona." Akaenda zake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini yeye aliambiwa, na ikamchoma zaidi.

Mlio wa gari ulipopotea, kamba ikashuka. Wakateremka mmoja mmoja, wamejaa vumbi, mdogo wao akiwa mgongoni kwa Kifupi, wote wakicheka kwa kunong'ona. Wakamzunguka.

"Shangazi, umeumia? Wamekupiga?" Kifupi alikuwa akihema. "Tulikaribia kutoka, wallahi. Huyu mdogo alitaka kukuitikia, nikamziba mdomo. Ulipoanza kulia ndipo tukajua kabisa wamekulazimisha."

Akasimama pale, akingoja kusifiwa.

Shangazi aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamshika Kifupi kichwa, akampangusa vumbi kwa kanga yake.

"Mmefanya vizuri, wanangu," akasema. "Twendeni, uji unapoa."