Kisahani cha Namba 407

Ni lipi kati ya makaburi yale sita lilikuwa la namba mia nne na saba? Nimesomea historia hadi chuo kikuu, nimepekua majalada mengi, na bado sijui. Tena ni mimi niliyefanya lisijulikane.

Wenzangu mliokulia Nyeri katika miaka ya mwanzo ya Uhuru mtakumbuka baridi ya Julai, tulipotia nduma za moto ndani ya sweta njiani kwenda shule, zikatupasha joto tumboni kwanza kabla ya kuliwa. Mtakumbuka harufu ya maua ya kahawa baada ya mvua, na githeri ya jana iliyokaangwa kwa vitunguu. Sisi wasichana tulikuwa na mchezo wetu wa miraba: unaichora kwenye udongo mwekundu, unatupa kibao, kisha unaruka kwa mguu mmoja ukikisukuma. Kila kitu kilitegemea kibao. Jiwe lilirukaruka ovyo, kigae kilivunjika.

Vibao bora vilikuwa makaburini.

Makaburi ya zamani yalikuwa chini ya mtaa wetu, nyuma ya ua wa kaiyaba wenye miiba mirefu. Upande wa juu walilala Wazungu, chini ya misalaba ya mawe. Upande wa chini, karibu na mti mkubwa wa mtarakwa, walilala watu wetu waliofia kizuizini wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Hawakuandikiwa majina. Kila mmoja alikuwa na fimbo ya chuma yenye kisahani cha bati, na juu yake namba aliyopewa akiwa mfungwa. Watu wazima wa mtaa wetu hawakuingia humo. Kwetu, kugusa kitu cha wafu kulileta unajisi ulioondolewa kwa kuchinja mbuzi, nasi tulikuwa na mbuzi mmoja tu, tena anayenyonyesha. "Mkigusa cha wafu," mama alituonya, "huyo ndiye atakayelipa."

Kwa hiyo hakuna aliyetuona. Alasiri moja tuliingia wasichana sita, tukang'oa visahani vya mstari mmoja, tukavichanganya kwenye sketi yangu na kukimbia. Changu kiliteleza kama kipande cha sabuni. Nilishinda wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata alifika cucu mmoja, bibi kizee kutoka Othaya, amebeba kitunguu cha itoka, lile ua ambalo kwetu hupandwa mpakani na likishapandwa hakuna anayethubutu kuling'oa. Alitaka kumpandia mumewe. Namba yake aliijua kwa moyo, kutokana na barua moja tu ambayo mumewe aliruhusiwa kumwandikia: mia nne na saba. Mzee Karanja, mlinzi wa makaburi, alimwambia kwamba namba hiyo iko kwenye mstari wa mtarakwa, akatangulia kumwonyesha. Wakakuta fimbo sita tupu.

Mzee alitoka akatupanga langoni, pale pale tulipokuwa tukicheza. Kisahani kilikuwa chini ya unyayo wangu, namba ikitazama udongo. Nilikuwa nimekwisha kuisoma mara nyingi: mia nne na saba.

"Nani ameingia humu?" akauliza.

Nilimfikiria mbuzi, nikamfikiria mama. Cucu akamshika Mzee mkono.

"Waache. Hawa wamelelewa. Mtoto wetu hawezi kuingia hapo."

Laiti angenichapa. Alirudi ndani, akasimama mbele ya makaburi yale sita kwa muda mrefu, kisha akaja kulipanda itoka lake kando ya lango. "Hapa atajua nilifika," alimwambia Mzee, akashika njia ya Othaya.

Wenzangu walivitupa visahani vyao mtoni Chania jioni hiyo hiyo. Mimi nilikificha changu, nikahama nacho kutoka sanduku hadi sanduku, na sikumwambia mtu.

Siku hizi vijana wa mji wameanza kuyasafisha makaburi, kuyaandika na kuwatembeza wanafunzi humo. Sisi tuliogopa hata kuyanyooshea kidole. Wao wanakaa juu ya mawe na kujipiga picha huku wamebinua midomo. Nimewacheka, lakini heri wao wanaoingia. Heshima yetu ilikuwa ya kukaa mbali, na kwa kukaa mbali tuliwaacha watu wetu bila wa kuwauliza hali.

Ijumaa iliyopita walinionyesha mchoro wao. Mahali pa mtarakwa palikuwa pamepangiwa maegesho ya mabasi ya wageni.

"Anti, hapo ni patupu," alisema Wangui, msichana anayewaongoza. "Tumepima. Hakuna jiwe, hakuna namba. Kesho tunaleta tingatinga."

Fimbo zenyewe ziliibwa zamani. Nilikuwa tena langoni, mtoto wa miaka minane, unyayo ukiwaka moto. Nilirudi nyumbani na siri yangu, nikajimiminia chai. Kabla kikombe hakijapoa nilikuwa nimeamua.

Asubuhi nilifika kabla ya tingatinga, na jembe mkononi na kisahani ndani ya leso. Itoka la langoni limezaana mpaka limekuwa kichaka. Nilichimbua vitunguu sita vya pembeni, lile la cucu nikaliacha. Wangui alipokuja nilimwonyesha ulipokuwa mstari wa makaburi sita, nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, bila kujitetea. Alikigeuza kisahani, akaisoma namba.

"Na kaburi lake ni lipi, Anti?"

"Sijui."

Aliirudisha mfukoni simu aliyoishika ili kumwita dereva wa tingatinga, akalichukua jembe mkononi mwangu na kuchimba shimo la kwanza. Tukapanda itoka kwenye makaburi yote sita.