Nyumba ya Kutegesha

Bei ya dhahabu ilipangwa kwenye miji niliyoijua kwa ramani tu, lakini ilipopanda huko, mabati yaliadimika Tarime. Mgodi ulikuwa unatanuka, na sisi wa Nyangoto tulikuwa tumejifunza kutegesha: unajenga nyumba ambayo hakuna atakayelala ndani, ili wathamini wakipita fidia iwe kubwa.

Mimi na kaka yangu tulijenga moja. Niliishia darasa la saba, ila ujenzi nilijisomea kwenye vitabu, kwa hiyo nilijua vizuri tulichokiacha: msingi, sakafu, na lenta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya dirisha. Madirisha yalikuwa fremu mbili zilizogongelewa kwenye ukuta usio na tundu. Na jioni, kijiweni, ni mimi niliyekuwa nasoma gazeti kwa sauti na kulalamika kwamba wageni wanatumalizia nchi.

Rangi ilikuwa haijakauka shangazi yetu alipofika kupitia mpaka wa Sirari na begi na sufuria. Aliolewa upande wa Kenya. Mumewe alipokufa, shemeji zake walichukua shamba. Kwetu mwanamke akirudi, mahali pake ni kwa kaka yake. Baba alikuwa amekufa, kwa hiyo mahali hapo palikuwa kwetu, na hatukuwa tumempangia chochote.

Tulimwamkia. Hakuitikia, alikuwa anatazama bati jipya.

"Kumbe mlinijengea! Na mimi kwa basi nilikuwa nawaza nitalala jikoni."

Kaka alinitazama. Nikasema, "Karibu, shangazi."

Aliizunguka nyumba, akasukuma fremu. "Mbona dirisha hii haifunguki?"

"Fundi hajamaliza," kaka akasema.

"Fundi gani anatundika dirisha kabla ya tundu? Huyo alikuwa amelewa."

Jioni hiyo aliwasha moto ndani. Jumapili alisimama kanisani akatushukuru mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka, karibu kila mmoja pale alikuwa na ya kwake. Niliinama kama anayesali.

Wathamini walipokuja, kijana wa mjini pamoja na mzungu mmoja, walimkuta mlangoni anachambua maharage.

"Shikamoo mama. Unaishi hapa?"

"Marahaba. Naishi. Watoto wa kaka yangu wamenijengea."

"Lafudhi hiyo, mama. Wewe si Mkenya?"

Shangazi alinyoosha mkono kuelekea shimo la mgodi. Pale alipoonyesha hapakuwa na kilima tena, ilikuwa hewa tupu.

"Nilizaliwa pale. Kitovu changu kilizikwa pale. Mlikipeleka wapi?"

Mzungu aliuliza mama anasema nini. Kijana hakumtafsiria. Kiingereza changu cha kamusi kilitosha kabisa kuisema sentensi ile, nami nilinyamaza, kwa sababu nilitaka waandike nyumba na waende.

Baadaye mpaka mpya wa mgodi uliwekwa, ukaishia kabla ya kwetu. Fidia hakuna. Kijiji kizima kilianza kuezua, watu wakauze mabati yao. Kaka alikuja na nyundo na mtalimbo.

"Twende, mura. Tutamwambia tunabadilisha paa."

Tulimkuta anasonga ugali. Moshi ulikuwa umejaa, macho yake mekundu. Aliona nyundo, uso ukafunguka.

"Hatimaye! Mmekuja kutoboa dirisha."

Nilisubiri kaka aseme. Aliigeuza ile nyundo kuelekea ukutani, akasema, "Ndiyo, shangazi."

Tukatoboa. Moshi ukatoka, mwanga ukaingia mpaka mafigani. Na kwa kuwa hapakuwa na lenta, ufa ulishuka kutoka kona ya tundu hadi chini, pale pale nilipojua utapita. Shangazi aliupapasa kwa kidole.

"Asanteni, wanangu," alisema. "Sasa naona ninachopika."

Sikuweza kumtazama. Asubuhi nilichukua jembe, nikaanza kuuchimbia msingi ukuta uliokwisha kusimama, kipande kwa kipande, naye yumo ndani.