Mgomba wa Mukia na Wenzake

Nakumbuka siku moja ya mvua za kwanza, mwanangu, siku ambayo panga langu lilizuiwa hewani. Nilikuwa bibi arusi mpya hapa Ngungu. Mama mkwe alikuwa amenituma nikate ndizi, nami nikauendea mgomba wa kando ya barabara, maana mkungu wake ulinenepa kuliko yote. Nyuma yangu baba mkwe akakohoa. Kwa adabu zetu za zamani, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Basi mimi nikageukia bonde, yeye akageukia kilima, tukaongea tumepeana migongo.

"Ule usikate, mutoto wangu. Ule njo mugomba wa bale bijana ba mu ndege. Matunda yake ni ya bapita njia."

Mama mkwe akatusikia toka jikoni. "Bengine balitoka ku vita na saa ao na viatu," akasema. "Wangu aliniletea bazungu ba kulisha."

Baba mkwe akacheka kidogo, kisha akanisimulia. Katika ujana wake alichukuliwa kwenye vita vya wazungu, akavushwa bahari mpaka Birmani, na kazi yake ikawa kubeba majeruhi kwa machela. Hospitali yao ya mahema ilipakana na uwanja wa ndege za mabomu, na jirani zao wa karibu walikuwa vijana wa ndege moja. Kati yao alikuwapo kijana mwenye madoadoa usoni ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mkiani mwa ndege na bunduki, akitazama nyuma. Safari nzima aliona walikotoka, hakuona walikokwenda. Wabebaji wakampa jina la Mukia. Alilipenda. Kila asubuhi alikuja kuomba chai, akijipiga kifua na kusema, "Mukia iko."

Siku moja waliruka wakicheka. Jioni ndege nyingine zikarudi, yao haikurudi. Wenzao wakaeleza kwa mikono: ndege ndogo za adui, nyepesi, zenye mbio, zilitokea upande wa jua zikaizunguka ile kubwa kama nyigu wanavyomzunguka ng'ombe. Bunduki ya mkiani ikajibu, ikajibu tena, kisha ikanyamaza. Ndege ikawaka moto, ikaanguka, na msitu ukaimeza. Hakikupatikana hata kifungo cha shati. Kesho yake vijana wengine wakalala katika vitanda vilevile.

"Tulikuwa na machela," baba mkwe aliniambia. "Muntu wa kubeba hakukuwa."

Desturi yetu unaijua, mwanangu. Mtu akifia mbali na mwili wake usionekane, tunazika shina la mgomba mahali pake, tunalia, kilio kinakwisha. Baba mkwe aliporudi nyumbani aliwazikia wale vijana shina moja, kwa kuwa ndege ile ilikuwa nyumba yao moja, wakafia humo pamoja. Ila hakulitenga na mizizi yake kama wafanyavyo wengine. Alilizika na tunguu lake, nalo likachipua.

Niliyasikia hayo nikashindwa hata kumenya ndizi, kwa sababu kwetu Bihambwe mama yangu alikuwa anakwisha. Kaka yangu alikuwa ameshuka Walikale, upande wa Buleusa, kutafuta mafuta ya mawese. Mto ukapindua mtumbwi, wenzake wakarudi bila yeye. Mama alikataa kilio. Kila jioni alimfunikia bugali yake, akakaa mlangoni kutazama njia, na yeye mwenyewe hakula. Shamba likawa nyasi. Majirani walishaanza kunong'ona kwamba hatauona msimu mwingine wa maharage.

Nikamwomba mama mkwe anisemee kwa mumewe, kaka naye azikiwe shina. Asubuhi yake baba mkwe aling'oa chipukizi kwenye mgomba ule, akalitwika begani, na yeye, mama mkwe na mimi tukapanda njia ya matope mpaka Bihambwe.

Mama alipoliona chipukizi alijua. "Rudisha hiyo, Papa," akasema. "Mutoto wangu hakufa. Anachelewa tu."

Baba mkwe hakubisha. Aliliweka chini, akaomba maji ya kunywa, akamsimulia habari za Mukia tangu chai mpaka moto. Mama alisikiliza macho yakiwa njiani. Hapo mzee akasema polepole:

"Mama, ule kijana aliangalia nyuma kwa sababu ilikuwa kazi yake. Wewe, hiyo kazi nani alikupa?"

Mama akayatoa macho njiani. Kisha akauliza, "Na mama yake Mukia, alijua?"

"Sijui. Njo maana nilimulilia mimi."

Mama akasimama. Aliingia ndani akatoka na shati la kaka, akalivika lile chipukizi kwa mikono yake, akafunga vifungo vyote hadi cha juu. Ndipo akalia. Alilia mpaka kilima kizima kikaja, na majirani wakachimba. Kilio kilipokwisha alikula, akalalamika kwamba bugali ni laini mno, mama mkwe akamjibu kwamba mwenye nguvu asonge yake. Tukacheka sote. Wiki hiyohiyo tulipanda maharage.

Mama aliishi akazeeka, akawabeba wanangu mgongoni. Mgomba wa kaka umekuwa shamba dogo kando ya njia, kama huu wa kwetu. Juzi pikipiki ilikwama hapa matopeni, dereva akala ndizi mbili akauliza mwenye shamba ni nani. Nikamwambia, Mukia. Akasema nimsalimie.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanangu, njia zetu zimechukua watu wengi, na huenda hata wewe unaye mmoja asiye na kaburi. Mlilie. Usimfunikie sahani miaka yote huku wewe mwenyewe una njaa. Mpandie kitu chenye mizizi, kisha umpe mpita njia matunda yake bila kumuuliza kabila wala atokako, kwa maana hujui mwanao ataangukia mikononi mwa nani. Na ukisikia kijana wa watu ameanguka mbali, hata kama humjui, usipite kama hukusikia.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake na jembe lisilochoka. Uendako upokelewe, na urudipo ukute mlango wazi na chungu jikoni.