Majani kwa Samaki Wazima

Émile alipozikwa mwezi wa tano, ndugu zake walimketisha mjane wake, Albertine, mkekani, wakamkataza kuyakaribia mabwawa matatu ya tilapia hadi siku arobaini ziishe. Mjane akiyagusa maji, walisema, samaki watakufa. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyewaweka hai samaki hao miaka sita.

Mabwawa yalichimbwa na Émile nyuma ya nyumba yao, pembezoni mwa Lubumbashi. Ujuzi ulikuwa wa Albertine. Msimu wa kwanza wa baridi ulimfundisha kwa ukali: samaki walitoka vidonda ubavuni, magamba yakabanduka, nusu yao wakafa. Tangu hapo, kila mwezi wa tatu, alianika majani ya moringa kivulini, akayatwanga, akaponda kitunguu saumu, akavichanganya na pumba za mahindi na soya. Aliwalisha hivyo wangali wazima, wiki nyingi kabla ya baridi, mfululizo hadi joto lirudi. Majirani walimcheka kwamba anawapikia samaki. Samaki hawakuugua tena.

Ulishaji ulikabidhiwa shemeji yake, Élie.

"Papa Élie, usisahau unga ya majani," Albertine alimwambia. "Kila siku, hata kama samaki iko muzima."

"Bulamu," Élie alimjibu shemeji yake, "muntu muzima anamezaka dawa? Hata siye tunangojaka malaria ifike."

"Haiko dawa. Ni chakula ya kubapatia nguvu mbele ya ugonjwa."

"Sawa. Ikala matanga yako, samaki tutaichunga."

Siku ya kumi na mbili, katika mboga waliyopikiwa waombolezaji, Albertine alionja moringa yake. Gunia lote la unga wa majani aliouanika lilikuwa limekwenda jikoni. Alijaribu kusimama, Julienne, dada wa marehemu, akamkandamiza bega.

"Unaenda wapi? Unataka utuuwie samaki?"

Akaketi. Mwanamke pekee aliyejua kitakachotokea aliketi, kwa sababu alilelewa kuamini kwamba heshima ya mume hupimwa kwa utulivu wa mjane wake. Watu wenye ruhusa ya kutembea hadi bwawani hawakujua lolote, na hawakutaka kujua.

Katikati ya mwezi wa sita baridi ilishuka. Siku ya thelathini na tatu Élie aliingia bila kupiga hodi.

"Amuka, bulamu. Samaki iko inaelea."

Katazo liliondoka hivyo tu, siku walipomhitaji.

Mamia walikuwa wamegeuza matumbo meupe juu. Waliobaki hai walijikusanya maji yanapoingilia, midomo wazi, vidonda vyekundu mgongoni. Élie alikuwa na ndoo ya moringa mbichi, ametoka kuichuma.

"Tutie yote. Kama iko na nguvu, ionyeshe leo."

"Samaki mugonjwa hakulaka, Papa Élie. Itapitia wapi?"

Akaimwaga hata hivyo. Majani yalitawanyika juu ya maji, yakasimama. Hakuna samaki aliyepanda.

"Unaona? Ilikuwa bure," alisema Élie, akipangusa mikono. "Tutafukia mabwawa, tujenge nyumba ya kupangisha."

Albertine alifunga kitenge juu ya magoti, akaingia majini, akaanza kuokota wafu na kuwatia katika beseni, wasiwaambukize waliobaki hai, na kabla mtu hajawapeleka sokoni. Vidole vilikufa ganzi. Alikuwa hajafika hata nusu ya bwawa la kwanza.