Hajambo, Anaendelea Vizuri

Juzi nilimsindikiza dada yangu hospitali, hapa hapa London, kutiwa dawa ya saratani. Kiti cha jirani alikaa mama wa Kizanzibari, na mumewe akimtafsiria maneno ya nesi.

Nesi aliuliza kama bado anatapika.

"Mwambie hata maji hayakai tumboni," mama alisema. "Na vile vidonge vya kuzuia kutapika havinifai kitu."

Mume akamgeukia nesi kwa tabasamu, akamjibu kwa Kiingereza: "Hajambo, anaendelea vizuri."

"Mbona umesema kidogo hivyo?" mama alimuuliza mumewe.

"Tusiwasumbue watu. Wana kazi nyingi."

Damu ilinichemka. Kabla sijafungua mdomo, mama aliushika mkono wa nesi, akauweka juu ya tumbo lake, akaupandisha mpaka kooni, kisha akatikisa kichwa. Nesi akaelewa. Alimpigia simu mkalimani, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba mama alikuwa akingoja mpaka atapike ndipo ameze kidonge, kumbe alitakiwa akimeze mapema, kabla ya kichefuchefu kuanza. Nesi akaenda kumwomba daktari amwongezee na dawa nyingine.

Tumelelewa kuona haya kulalamika mbele za watu. Haya, tuyavumilie maumivu yetu wenyewe tukipenda. Lakini nani alituruhusu kuona haya kwa niaba ya tumbo la mwenzetu?

Mama alimtazama mumewe. "Sasa mwambie ahsante," alisema, "na hilo litafsiri lote."